Maruti Suzuki, Kirikuu zetu na kiwanda cha ubia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwenye kaunta za maduka ya spea Mwanjelwa, Mbeya, kwenye vijiwe vya Kirikuu (vigari vidogo vya mizigo) vya Uyole na Mbalizi, na kwa wanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) wanaotaka kujua kama nchi kama yetu inaweza kuwa na kiwanda cha magari. Yanarudiwa kila wiki, kwa hiyo yamewekwa mahali pamoja. Soma unalolihitaji. Pale ambapo jambo limeshaelezwa, utaelekezwa kwenye swali lake.

## Kuijua kampuni

1. Maruti Suzuki ni ya Wahindi au ya Wajapani?

Ni kampuni ya India ambayo usukani wake umeshikwa na Mjapani. Imesajiliwa India, makao yake makuu yapo New Delhi, na hisa zake zinauzwa kwenye masoko ya hisa ya huko. Suzuki Motor Corporation ya Hamamatsu, Japani, inamiliki zaidi ya asilimia 58. Serikali ya India, ambayo ndiyo iliyoizaa, iliuza hisa zake za mwisho mwaka 2007.

2. Ilianzaje?

Ilianza vibaya. Mwaka 1971 Sanjay Gandhi, mtoto wa Waziri Mkuu Indira Gandhi, alianzisha Maruti Limited akitaka kutengeneza gari dogo la bei nafuu kwa ubunifu wa ndani. Akapata leseni, akapata ardhi Gurgaon, karibu na Delhi. Kelele zilikuwa nyingi, lakini gari la kuwauzia wananchi kwa wingi halikutoka, na kampuni ikafilisika. Sanjay alikufa kwa ajali ya ndege Juni 1980. Serikali ikachukua mabaki ya kiwanda, na Februari 1981 ikaunda kampuni mpya ya umma, Maruti Udyog Limited.

Kumbuka hali ya India wakati ule. Mtu mwenye pesa alikuwa na machaguo mawili hasa: Ambassador, ambalo ni Morris Oxford ya Waingereza iliyozeeka, au Padmini, ambalo ni Fiat 1100 ya Waitaliano iliyozeeka vilevile. Na hayo nayo ulijiandikisha ukasubiri miaka. Soko zima la magari madogo lilikuwa kama 40,000 kwa mwaka. Kampuni mpya ikapanga kiwanda cha magari 100,000, na wengi waliona ni wazimu.

Mkataba wa ubia na Suzuki ulisainiwa Oktoba 1982. Tarehe 14 Desemba 1983 Indira Gandhi alikabidhi funguo za Maruti 800 ya kwanza. Kutoka saini hadi funguo ni miezi 14. Kabla ya hapo, zaidi ya watu laki moja walikuwa wameshalipa malipo ya awali.

3. Kwa nini walichagua Suzuki, kampuni ndogo, badala ya mkubwa mmojawapo?

Wakubwa walifuatwa. Mazungumzo yalifanyika na Renault na Volkswagen, miongoni mwa wengine. Tatizo la wakubwa ni kwamba India kwao ilikuwa duka la pembeni; walitaka kuuza teknolojia, si kuweka pesa zao na watu wao. Suzuki, chini ya Osamu Suzuki, haikuwa na nafasi ya kushindana na Toyota na Nissan kwao Japani kwenye magari makubwa. Ujuzi wake ulikuwa vigari vidogo vya injini ndogo, na hivyo ndivyo India ilivyovihitaji. Tena ilikubali kununua hisa.

Kwa maoni yetu hili ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote katika habari za ubia. Mbia mwenye njaa hukaa mezani.

4. Hisa ziligawanywaje?

Suzuki iliingia na asilimia 26, serikali ikabaki na 74. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 Suzuki ikapanda hadi 40, na mwaka 1992 hadi 50. Mwaka 2002 ikavuka nusu na kuwa mwenye kampuni. Kwa kuachiwa usukani tu, nje ya bei ya hisa zenyewe, iliilipa serikali rupia bilioni 10. Mwaka 2003 hisa ziliuzwa kwa wananchi kwa mara ya kwanza, kwa rupia 125 kila moja. Baada ya serikali kutoka kabisa mwaka 2007, jina likabadilishwa kuwa Maruti Suzuki India Limited.

5. Kwa hiyo Wahindi walinyang'anywa kiwanda chao?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na linastahili jibu refu kuliko "hapana".

Ugomvi ulikuwepo. Mwaka 1997 serikali ilimteua mkurugenzi mtendaji bila Suzuki kuridhia, na Suzuki ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mwaka uliofuata wakapatana kabla ya hukumu. Ulipofika wakati huo kila mmoja alikuwa na hisa nusu, na nusu kwa nusu ni mgawanyo mtamu siku ya harusi na mchungu siku ya ugomvi, kwa sababu hakuna wa kukata shauri.

Lakini angalia kilichobaki India baada ya serikali kuuza: viwanda vyenyewe, mamia ya kampuni za vipuri (swali la 6), mafundi waliofundishwa Japani, na fedha za mauzo. Mwenye hisa anaweza kubadilika. Mashine ya kukunjia bati haihamishwi kwa mkoba. Leo kampuni inatengeneza zaidi ya magari milioni 2 kwa mwaka. Sisi tungeliita hilo uuzaji wa faida. Wapo wanaoona serikali ingebaki na sehemu kidogo, na hoja yao si ya kipuuzi, maana bei ya hisa ilipanda sana baadaye.

## Jinsi kiwanda kilivyokua

6. Walikuwa wanatengeneza magari au wanaunganisha tu?

Walianza kwa kuunganisha. Magari ya mwanzo yalikuja kutoka Japani kama vipuri ndani ya makasha, yakafungwa bolti na kupakwa rangi Gurgaon. Hakuna aibu hapo, karibu kila nchi ilianza hivyo. Aibu ni kubaki hapo miaka 20.

Serikali ya India iliweka ratiba: kila mwaka sehemu ya vipuri vinavyotengenezwa ndani lazima iongezeke. Nje ya mkataba, dunia nayo ikawasukuma. Kuanzia mwishoni mwa 1985 yeni ya Japani ilipanda thamani kwa kasi, na kila kasha lililoshuka bandarini likawa ghali zaidi kuliko lililotangulia. Ghafla siti ya kutengenezwa India ilikuwa nafuu kuliko siti ya meli.

Nani angeitengeneza? Hapa ndipo penye ufundi. Maruti haikusubiri wafanyabiashara wajitokeze. Iliingia yenyewe ubia na kampuni ndogo za vipuri, ikanunua hisa chache, ikawatafutia Mjapani wa kuwafundisha, na mara nyingi ikawaweka karibu na kiwanda. Bharat Seats ikatengeneza siti, Jay Bharat Maruti ikakunja bati za bodi, Sona ikachukua mifumo ya usukani. Kampuni hizo baadaye ziliuza vipuri kwa viwanda vingine vya magari vilivyokuja India miaka ya 1990. Hyundai ilipofika, ilikuta nchi yenye watu wanaojua kutengeneza vipuri.

Kwa hiyo mtu akikuuliza India ilipata nini kwenye ubia ule, usimwonyeshe gari, mwonyeshe wale wa vipuri.

7. Wafanyakazi walitendewaje?

Mwanzoni Wajapani walileta mambo yaliyowashangaza watu: mkurugenzi na mfagiaji wanavaa sare moja, wanakula kantini moja, ofisi haina vyumba vya mabosi, na asubuhi watu wananyoosha viungo kabla ya zamu. Kwa nchi yenye ngazi nyingi za heshima kama India, hilo halikuwa dogo.

Lakini hadithi ina upande mwingine. Kiwanda cha pili, Manesar, kilitegemea sana vibarua wa mkataba waliolipwa kidogo kuliko wenzao wa ajira ya kudumu waliosimama nao mstari mmoja. Migomo ilianza 2011. Julai 18, 2012, vurugu zililipuka, moto ukawashwa, na meneja mmoja wa rasilimali watu akafa. Kiwanda kilifungwa kwa takriban mwezi, na mwaka 2017 wafanyakazi 13 walihukumiwa kifungo cha maisha. Anayeleta mfano wa Maruti kwenye semina bila kuitaja Manesar amesoma nusu ya ukurasa.

8. Suzuki imefanya ubia kwingine?

Ndiyo. Pakistan ilianza karibu wakati uleule, mwaka 1983, na Hungary ikafuata mwaka 1991. Pakistan ndiyo yenye kufundisha: gari lao la Mehran liliuzwa kuanzia 1989 hadi 2019 karibu bila kubadilika. Mbia ni yuleyule, nchi ni jirani ya India, lakini soko lilikuwa dogo na ushindani hafifu, hivyo hakuna aliyesukumwa kuboresha.

## Magari yenyewe hapa Nyanda za Juu Kusini

9. Kirikuu yangu ni Maruti?

Karibu hakika si Maruti. Kirikuu nyingi za hapa ni Suzuki Carry zilizotumika Japani, zikaja kwa meli kama mtumba. Zile ni gari za daraja dogo la Japani, ambalo sheria yao inabana injini isizidi sisi (cc) 660. India walikuwa na ndugu yake, Maruti Omni ya mwaka 1984, yenye umbo la Carry ya zamani na injini ya sisi 796.

10. Nitajuaje gari limetengenezwa wapi?

Soma namba ya chasisi, usimsikilize dalali. Namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 ikianza na MA3, ni Maruti Suzuki ya India. Ikianza na JS, ni Suzuki ya Japani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje. TSM ni Hungary. Herufi M peke yake haitoshi, maana Indonesia na Thailand nazo huanza na M; nyingi za India ni MA hadi ME.

Gari lililouzwa ndani ya Japani halina namba 17. Lina namba fupi yenye kistari, kama DA63T au DA16T ikifuatiwa na tarakimu. Ukiona hiyo, umeshajua ni mtumba wa Japani.

11. Na ile jipu ndogo wanayoiita "Suzuki Maruti"?

Hiyo ndiyo Maruti halisi. India wanaiita Gypsy. Ilianza 1985, imejengwa juu ya chasisi ndefu ya Suzuki SJ410, ile familia ya Jimny na Samurai. Ya kwanza ilikuwa na injini ya F10A ya sisi 970; baadaye ikaja ya 1,300. Jeshi la India liliipenda kwa sababu ni nyepesi na inapanda. Kwa barabara za Matamba na Kitulo wakati wa masika haina mfano, ila abiria wa nyuma aombe radhi kwa mgongo wake mapema.

12. Spea za Maruti zinaingia kwenye Suzuki ya Japani?

Jibu la dukani ni "lete ya zamani tupime", na ndilo jibu sahihi. Lakini kuna kanuni za jumla.

Injini za familia moja zinafanana kwa macho tu. F6A ya Carry za miaka ya 1990 ina silinda 3 za kipenyo cha milimita 65 na mwendo wa 66. F8B ya Maruti 800 na Omni nayo ina silinda 3, lakini ni 68.5 kwa 72. F10A ya Gypsy ni silinda 4, 65.5 kwa 72. Pistoni, ringi na gasketi ya kichwa haviingiliani hata muuzaji aape kwa jina la bibi yake.

Tena Carry za DA63T zina injini ya K6A, na DA16T zina R06A. Zote hutumia cheni ya taimingi, siyo belti kama F6A. Akikuuzia belti ya DA63T, rudi ukadai pesa.

Kwa upande mwingine, mwenye DA16T asihangaike akikosa kipuri chenye jina la Suzuki. Gari hilohilo Japani limeuzwa pia kama Mazda Scrum, Nissan NT100 Clipper na Mitsubishi Minicab. Ulizia hayo majina pia.

13. Kweli Toyota Starlet mpya inatoka India?

Kweli. Toyota na Suzuki wana ushirikiano, na tangu 2020 Toyota inauza Afrika gari la Suzuki Baleno lililotengenezwa Gujarat, India, likiwa na nembo ya Toyota Starlet. Rumion nayo ni Suzuki Ertiga. Starlet hii mpya haina uhusiano na Starlet ya zamani ya Japani unayoikuta Soweto ya hapa Mbeya bado inatembea, kwa hiyo spea ni kitu kingine kabisa.

14. Gari la India ni duni?

Injini zake ni za Suzuki na hazina ubaya. Nyepesi, mafuta kidogo, fundi yeyote anazielewa. Malalamiko ya haki yako kwenye usalama wa bodi. Mwaka 2014 Swift ya India isiyo na mifuko ya hewa ilipata nyota sifuri kwenye majaribio ya ajali ya Global NCAP. S-Presso nayo ilipata sifuri mwaka 2020. Mwaka 2024 Dzire mpya ya kampuni hiyohiyo ikapata nyota 5. Somo ni kuuliza gari lenyewe na mwaka wake, si nchi.

15. Mbona Kirikuu inachoka ikipanda kwenda Chunya au Kitonga, wakati Dar ilikimbia?

Hewa. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, kwa hiyo zile nguvu 50 za DA16T hapa zinabaki kama 42, na juu ya mlima zinapungua zaidi. Kitonga yenyewe iko chini kuliko Mbeya. Pale kinachokumaliza ni ukali wa mlima na mzigo.

Na mzigo tuuseme wazi. Carry ya Japani imepimwa kubeba kilo 350. Hayo ni magunia matatu na nusu ya kilo 100. Watu wanapakia viazi vya lumbesa magunia manane Uyole, halafu wanalaumu plagi.

## Je, na sisi?

16. Tanzania tumewahi kuunganisha magari?

Tumewahi, na tunaunganisha. Kibaha kulikuwa na TAMCO, ambako malori ya Scania yaliunganishwa. Wazee wa barabara ya Tanzam wanayakumbuka. Kiwanda kinachoishi kwa makasha ya nje hukosa pumzi fedha za kigeni zikikauka, na miaka ya 1980 zilikauka. Kibaha hiyohiyo kuna Nyumbu, shirika lililo chini ya wizara ya ulinzi, lililotengeneza lori la jina hilo. Siku hizi kampuni ya GF inaunganisha huko malori ya Kichina, yakiwemo ya FAW. Wanapokwama au kupiga hatua, kipimo ni kilekile cha swali la 6.

17. Chuma cha Liganga si kingetosha kutujengea magari?

Ludewa kuna madini ya chuma, na makaa ya Mchuchuma yako jirani. Mwaka 2011 ulisainiwa ubia kati ya NDC (Shirika la Maendeleo la Taifa), asilimia 20, na Sichuan Hongda ya China, asilimia 80, na mradi ukakwama miaka mingi. Lakini hata ungekwenda vizuri, bati la mlango wa gari ni chuma chembamba kilichopitishwa kwenye mitambo mingi ya kuviringisha. Kuwa na mlima wa chuma hakukupi bati hilo, na kutokuwa nao hakukuzuii: Japani yenyewe huagiza madini ya chuma kutoka nje.

18. Mitumba ndiyo inayotuzuia?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Maruti ilikua nyuma ya ukuta. India ya miaka ya 1980 karibu haikuruhusu gari la nje kuingia. Sisi tunaleta mtumba, na lililozidi umri fulani linaongezewa kodi ya uchakavu lakini linaingia. Kenya inazuia kabisa yaliyozidi miaka 8. Afrika Kusini hairuhusu mitumba kuuzwa kwa wananchi, na ina viwanda.

Ila anayesema "pigeni marufuku kesho" hajawahi kutoa parachichi Rungwe. Ukiondoa Kirikuu ya mtumba bila kuweka kitu cha bei ile, mkulima anarudi kwenye kichwa na bodaboda. India nayo ilibana watu kwa miaka mingi kabla ya Maruti kutoka, na waliolipa gharama hiyo ni wale wa foleni ya Ambassador.

19. Kijana wa VETA au MUST Mbeya aanzie wapi?

Asianze na gari. Aanze na kipuri kimoja kinachochakaa haraka: sailensa, springi, siti, bodi ya nyuma ya Kirikuu. Mafundi wetu wa SIDO wanaweza kutengeneza kimoja kizuri leo. Kigumu ni kutengeneza 1,000 vinavyofanana, kila kimoja kikiwa na tundu palepale kwa milimita, na kuvifikisha siku iliyoahidiwa. Hilo linataka mchoro, vifaa vya kupimia na daftari la makosa, kabla ya mtaji mkubwa. Mbeya ilishakuwa na kiwanda cha ZZK (Zana za Kilimo) kilichotengeneza majembe. Kufua chuma si jambo geni hapa.

## Mambo ya pembeni yanayoleta ugomvi

20. Nimeambiwa ni "Suzuki mpya ya India, mkono wa kwanza". Nithibitisheje?

Anza na namba ya chasisi (swali la 10). Kisha linganisha na kadi ya gari, herufi kwa herufi, ukiwa umepiga magoti mbele ya gari lenyewe na si kwa picha ya simu. Gari lenye namba fupi ya Japani haliwezi kuwa jipya kutoka India, maneno yawe matamu vipi. Muuzaji akikataa usiione chasisi kwa sababu "ina grisi", beba kitambaa chako.

21. Gypsy yangu imewekwa injini ya Suzuki Escudo. Kuna shida?

Kiufundi inafanyika, na mafundi kadhaa wa Mafiati wameshafanya kazi za namna hiyo. Angalia mambo matatu: maunti, rejeta, na breki. Breki ndizo zinazosahaulika. Zilipangwa kwa injini ya sisi 970 na sasa unashuka nazo mteremko kwa kasi nyingine.

Kwenye karatasi shida ipo ukinyamaza. Namba ya injini iliyo kwenye kadi haitalingana na iliyo kwenye gari, na siku ya ukaguzi wa polisi au ya kuuza utaonekana una gari la wizi. Peleka badiliko TRA, na risiti ya ulikonunua injini uitunze pamoja na kadi. Kama injini haina risiti, usiinunue.